Azumi Hakuuomba Upanga

Kila panapoandaliwa orodha ya sinema za wanawake wakali, Azumi haikosi. Ilitoka Japani mwaka 2003, mwongozaji akiwa Ryuhei Kitamura, na aliyeibeba mabegani ni Aya Ueto, msichana wa miaka 17 ambaye Wajapani walikuwa wamemzoea kwenye nyimbo na tamthilia za televisheni. Sifa zake ni zile zile popote uendapo: binti mmoja anawafyeka wanaume wapatao 200, hangoji kuokolewa na mtu, hana mume wala mchumba wa kumwelekeza njia, basi huyo ndiye mwanamke tuliyekuwa tukimsubiri. Nimezisikia sifa hizi kwa wapenzi wa sinema za mapanga. Nimezisikia pia kwa watetezi wa usawa wa jinsia ambao sinema za mapanga hawazipendi hata kidogo, lakini kwa hii wanalegeza masharti.

Mimi sikubaliani nao, wale wa kwanza na hawa wa pili. Azumi si habari ya mwanamke mwenye nguvu. Ni habari ya mtoto aliyeokotwa kando ya maiti ya mama yake, akalelewa awe silaha ya serikali, na malezi yakafaulu.

Tuanze na kisa chenyewe, maana wanaomsifu Azumi hupenda kuanzia pale damu inapoanza kuruka. Mwaka 1600 ukoo wa Tokugawa ulishinda vita vya Sekigahara, na miaka mitatu baadaye Tokugawa Ieyasu akawa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa nchi. Hata hivyo, katika ngome ya Osaka bado aliishi kijana Toyotomi Hideyori, mwana wa mtawala aliyetangulia, na wako mabwana wa vita waliokuwa na mapenzi na nyumba ile. Katika sinema hii, iliyotokana na manga ya Yu Koyama iliyoanza kuchapishwa mwaka 1994, mtawa Tenkai, mshauri wa Ieyasu, anampa samurai aitwaye Gessai kazi ya kulea wauaji wa siri watakaowaondoa mabwana hao kabla hawajawasha moto mwingine. Gessai anakusanya mayatima kumi, anawapandisha mlimani mbali na macho ya watu, na kwa miaka mingi anawafundisha kuua. Msichana kati yao ni mmoja.

Siku mafunzo yanapokwisha, mzee anawaambia kila mmoja asimame na mwenzake anayempenda kuliko wote. Vijana wanachaguana huku wakitabasamu. Wanadhani ndivyo watakavyosafiri, wawili wawili. Azumi anasimama na Nachi. Wameshapangana ndipo Gessai anapotoa mtihani wa mwisho: kila mmoja amuue aliyesimama naye. Kumi wanabaki watano. Azumi yumo kati ya watano hao kwa sababu Nachi hayumo.

Sasa nawauliza wanaomsifu: hiyo nguvu mnayoishangilia mwishoni mwa sinema, ilitoka wapi? Mkono unaowaangusha wanaume 200 ndio huo huo uliomwangusha Nachi. Wepesi wa miguu, jicho lisilopepesa, ule uwezo wa kutosita hata kidogo mbele ya mwili wa binadamu mwenzako, vyote vilifundishwa mahali pamoja na mwalimu mmoja, na ada yake ililipwa siku moja. Mtu hawezi kuushangilia ustadi wa mwisho akajifanya hakuyaona malipo. Sisi tuna methali ya samaki kukunjwa angali mbichi, na kwa kawaida tunaitaja tukiwa tunawasifu walezi wema. Gessai angeitundika ukutani.

Halafu kuna kile kijiji. Muda si mrefu baada ya kushuka mlimani, vijana wanakuta majambazi wakichinja watu. Wao ni wauaji hodari kuliko yeyote katika bonde lile. Wangeweza kuyamaliza majambazi yale na jua halijasogea. Gessai anawazuia. Kazi waliyotumwa ni kubwa kuliko kijiji kimoja, na siri ya kuwepo kwao haiwezi kuvuja kwa ajili ya wakulima. Azumi anateseka, tunaliona hilo usoni mwake, lakini anatii. Kwangu mimi hili ndilo tukio kuu la sinema nzima, na ni ajabu jinsi wanaosifu wanavyoliruka. Mtu ambaye anaweza kuua pale anapoelekezwa na hawezi kuokoa pale moyo unapomtuma, nguvu zake ni za nani? Si zake. Ameazimwa, na mwenyewe yuko hapo pembeni akishika kamba.

Wako wanaolalamika kwamba Ueto hakufaa, kwamba uso wake ni wa kitoto mno kwa muuaji. Ajabu ni kwamba malalamiko haya yanaikaribia kweli kuliko zile sifa. Ndiyo, ni uso wa mtoto. Angechukuliwa mwigizaji wa miaka 30 mwenye makunyanzi ya ukali, tungesahau tunachokitazama. Kwa sura ile hatusahau, labda tukiamua.

Na kwa wasomaji wa Kiswahili kuamua kusahau ni kugumu zaidi. Mwaka 1996 na 1997, majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yalipotoka mashariki mwa Kongo kwenda Kinshasa kumwangusha Mobutu, ndani yake walikuwamo watoto wengi wenye bunduki, na jina walilopewa, kadogo, ni la lugha yetu. Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri. Wasichana walikuwamo. Sikumsikia mtu akisimama kusema kwamba wasichana wale wameuonyesha ulimwengu kuwa mwanamke anaweza. Angesema, tungemtoa ukumbini.

Nitaambiwa kwamba ile ni mahakama na hii ni sinema. Sawa. Lakini angalia vitu ambavyo sinema yenyewe imevichagua: yatima asiye na pa kurudi, mzee anayekaa mahali pa baba, mafunzo mbali na jamii, kisha kulazimishwa kumuua mtu wa karibu ili pasiwepo tena mlango wa kutokea. Yeyote aliyewahi kusikiliza simulizi za watoto waliotoka msituni anaujua mpangilio huo, hatua kwa hatua. Koyama na Kitamura hawakuuweka kwa bahati mbaya. Wangetaka kutupa shujaa tu, wangempa Azumi baba aliyeuawa na kisasi cha kulipa, kama wafanyavyo wengine, na Nachi asingehitajika.

Watetezi wa Azumi wana hoja moja ninayoiheshimu. Wanasema alipewa njia nyingine akaikataa mwenyewe. Njiani anakutana na Yae, msichana wa kikundi cha wasanii wanaozunguka wakitumbuiza. Baada ya wenzake wengi kufa, Azumi anaiacha kazi na kufuatana na Yae. Yae anamvisha kimono, anampaka rangi ya midomo. Karibu aweke upanga chini kabisa. Kisha wanaume wanawavamia, na Azumi anaurudia upanga. Umeona, wananiambia, alionja maisha ya kawaida ya wanawake akayatupa, akachagua uhuru.

Uhuru upi? Mezani palikuwa na vitu viwili tu: kushikwa au kuua. Mtu aliyefundishwa jambo moja tangu utotoni, akaletewa hali ambayo jambo hilo moja ndilo litakalomwokoa, hatuwezi kusema amechagua. Na nikiri kwamba sehemu hii ya sinema ni nyembamba. Kitamura anaiendesha kama mtu anayesubiri iishe arudi kwenye mapanga, na ile kimono inaletwa kana kwamba uanamke wote umo ndani ya kitambaa. Hata Yae, akiwa na nia njema, anamvisha Azumi vazi ambalo hakuliomba, kama vile Gessai alivyompa upanga ambao hakuuomba. Sioni kwa nini tupigie makofi moja kati ya hayo mawili.

Tufike mwishoni, mahali ambapo wanaosifu wanajiona wako salama. Gessai ametekwa na kuwekwa chambo. Azumi anarudi kumfuata, na hapo ndipo anapokutana na lile jeshi la wanaume 200. Kumbuka anamrudia nani. Anamrudia mtu aliyemwamuru amuue Nachi. Anamrudia kwa sababu hana baba mwingine. Watu wanaofanya kazi na watoto walioumizwa na walezi wao hawatashangazwa na safari hiyo hata kidogo. Wanaoshangaa ni sisi, tunaoiita ushujaa.

Anawamaliza. Anamuua Bijomaru, yule hasimu mwenye mavazi meupe na ua la waridi mkononi. Gessai anakufa. Hakuna tena wa kumtuma, hakuna wa kumwadhibu, hakuna hata wa kujua yuko wapi. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni, Azumi ni huru kabisa. Na afanyacho ni nini? Anamfuata Kato Kiyomasa, bwana wa pili kwenye orodha, ambaye sasa anajiona amesalimika, anamrukia chomboni na kumuua.

Ukumbi hushangilia hapo. Mimi huona amri inayoendelea kutembea baada ya mwenye kuitoa kufa. Gessai hakuhitaji tena kuwa hai. Alikuwa ameshamaliza kazi. Mwaka 2005 ilipotoka sehemu ya pili, safari hii mwongozaji akiwa Shusuke Kaneko, Azumi bado yuko kazini, anamtafuta bwana wa tatu, Sanada Masayuki. Na katika safari hiyo anakutana na mwanamume anayefanana na Nachi kabisa, kwa kuwa anaigizwa na yule yule aliyemwigiza Nachi, Shun Oguri. Sehemu ya pili ni dhaifu, sitaitetea, lakini walioitunga walijua deni liko upande gani. Hawakumletea Azumi mzimu wa Kiyomasa.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu haitoki kwa wanaosifu. Inatoka kwa Kitamura mwenyewe. Huyu ndiye aliyetengeneza Versus mwaka 2000, sinema ya majambazi na maiti zinazofufuka msituni, na mtu akiniambia kwamba Azumi ni maombolezo ya utoto ulioporwa, ana haki ya kuniuliza mbona mwombolezaji anafurahi hivi. Sinema ina dakika 142, na sehemu kubwa yake ni sherehe ya chuma. Katika pambano la Azumi na Bijomaru kamera inawazunguka kama gurudumu lililosimama wima, inapita juu ya vichwa na chini ya miguu, mpaka mtazamaji anasahau ardhi iko wapi. Damu inatoka kama mabomba ya mji yamepasuka. Siwezi kusema hayo yote ni huzuni. Ni furaha, na mimi naipata kila ninapoitazama.

Lakini hebu tazama Kitamura amempa nani furaha hiyo ndani ya hadithi. Amempa Bijomaru, ambaye upanga wake hauna hata kikingio cha mkono kwa kuwa hajawahi kuhitaji kujikinga. Bijomaru anaua kwa starehe. Hana bwana moyoni mwake, wanaomlipa anawadharau. Katika sinema nzima ndiye mtu pekee anayefanya anachotaka, na ni mwendawazimu. Tukimtazama kwa macho hayo, yule anayeshangilia panga zikipita ameshapewa kioo. Kama Kitamura alikusudia hivyo au upanga ulimteleza, hilo ni lake. Kazi ya mtazamaji ni kutazama kilichopo, na kilichopo ni kwamba raha ya kuua imevishwa mavazi ya kichaa, na msichana anayetuaminisha kwamba anashinda haonekani akifurahi hata mara moja.

Nasaba ya sinema hizi inanisaidia. Kabla ya Azumi alikuwapo Yuki, yule wa Lady Snowblood ya mwaka 1973, aliyeigizwa na Meiko Kaji chini ya Toshiya Fujita. Yuki alizaliwa gerezani na mama aliyetafuta mimba kwa makusudi ili apatikane wa kulipa kisasi chake. Mtawa akamlea kwa mateso, akamtia hata ndani ya pipa na kulibingirisha mlimani. Quentin Tarantino aliichota sana kwa ajili ya Kill Bill, iliyotoka mwaka ule ule wa Azumi, na kwa mlango huo Yuki naye akaingizwa kwenye orodha za wanawake wakali. Lakini Yuki haishi maisha yake, anaishi ya marehemu. Kutoka Yuki mpaka Azumi miaka 30 imepita, na kila mara ni mzee fulani au mzazi fulani anayeandika mapenzi yake juu ya mwili wa msichana, kisha sisi tunakuja kuusifu mwandiko.

Anayetaka mwanamke wa Japani aliyeshika silaha kwa hiari yake, historia inaye. Nakano Takeko alikuwa na miaka 21 mwaka 1868, ngome ya Aizu ilipozingirwa. Wakuu wa jeshi hawakuwaandikisha wanawake rasmi. Yeye na wenzake wakajikusanya, wakaingia vitani na naginata, silaha ya mpini mrefu yenye upanga nchani, dhidi ya watu wenye bunduki, na risasi ikamuua. Mtu anaweza kubishana kama upande aliopigania ulistahili. Hawezi kubishana kwamba alitumwa. Nakano hayumo kwenye orodha zenu, na nadhani najua sababu: hakuua watu 200.

Sehemu ya lawama ni ya jinsi tulivyojifunza kutazama. Wengi wetu tuliingia katika sinema za Asia kupitia kibanda umiza, kwenye benchi, na sauti ya mtafsiri ikiwa juu ya sauti ya sinema yenyewe. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro. Siwabezi, walitufungulia dunia na waliichekesha. Ila kibanda kilitupa sheria moja: tafuta steringi ni nani, simama upande wake, na steringi hafi. Kwa sinema nyingi sheria hiyo inatosha. Kwa hii inatupofusha, maana ukishamtambua Azumi kuwa steringi, kila anachokifanya kinakuwa chema, hata kumuua Nachi kunageuka kuwa mkasa wa kumkomaza. Aliyezoea kutazama hivyo hakuacha benchi kibandani; amelibeba mpaka kwenye makala zake za kisomi.

Imebaki hoja ya mwisho, nayo hupenda kuletwa kwa sauti ya upole: basi walau upanga wa Azumi ulitumikia amani. Mabwana watatu wafe, maelfu wapone. Ndivyo Gessai alivyowaambia watoto, na wanaosifu wanamwamini Gessai kuliko Gessai alivyojiamini.

Mabwana wale watatu si wa kubuni. Asano Nagamasa, Kato Kiyomasa na Sanada Masayuki walikuwapo, na wote watatu walifariki mwaka 1611. Bila shaka mtungaji yeyote angeiona hadithi katika tarehe hizo. Asano na Kato walikuwa upande wa Tokugawa mwaka 1600, na Kato alizawadiwa karibu Higo yote. Kato aliugua akiwa chomboni akirudi Kumamoto, baada ya kumsindikiza Hideyori kukutana na Ieyasu kwenye ngome ya Nijo, na uvumi wa sumu haukukoma. Masayuki, aliyekuwa adui wa kweli, alifia uhamishoni Kudoyama. Kwa hiyo orodha ya Gessai ilikamilika, kwa upanga au kwa maradhi, kabla ya mwaka 1612 kuingia.

Vita vilikuja vivyo hivyo. Majira ya baridi ya mwaka 1614 jeshi la Ieyasu liliizingira Osaka. Mwana wa Masayuki, Nobushige, ambaye hadithi za watu humwita Yukimura, alitoka Kudoyama akaingia ngomeni, na mwaka uliofuata alishambulia mpaka karibu na Ieyasu mwenyewe kabla ya kuuawa. Hideyori na mama yake walijiua ngome ikiteketea. Watazamaji wa Japani waliokwenda kuiona Azumi mwaka 2003 walijifunza Osaka shuleni. Waliingia ukumbini wakijua kwamba orodha ile haitazuia chochote. Kwa hiyo anayeniambia kwamba Azumi alileta amani, anionyeshe amani ipi: ile iliyovunjika mwaka 1614, au ile iliyoanza mwaka 1615, baada ya jeshi la kawaida, la watu wazima, kufanya kazi ambayo Nachi na wenzake waliambiwa wanakufa ili isifanyike.